Laki za Warumi: Uandishi wa Namba Kubwa na Funzo Lake kwa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mtoto wa shule ya msingi katika Tanzania au Kenya hukutana na namba za Kirumi akiwa bado mdogo. Huziona kwenye saa ya ukutani, kwenye sura za vitabu, kwenye majina ya mapapa na wafalme, na mara nyingi kwenye mbao za matangazo ya shule, ambako Darasa la VII na Kidato cha IV huandikwa kwa alama hizo. Darasani hufundishwa alama saba na thamani zake: I ni moja, V ni tano, X ni kumi, L ni hamsini, C ni mia, D ni mia tano, na M ni elfu. Mazoezi hukomea kwenye elfu chache, na somo hufungwa.

Kuna swali ambalo somo hilo huliacha nyuma. Warumi walihesabu raia wao kwa mamilioni, wakalipa majeshi na wakaandika wasia wa mali nyingi mno. Je, waliziandikaje hesabu hizo iwapo alama yao ya mwisho ilikuwa elfu? Mhadhara huu unalenga kulijibu swali hilo, kisha kuonyesha kwamba jibu lake linaigusa lugha ya Kiswahili kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Hoja yake kuu ni kwamba hatari ya namba kubwa haimo katika ukubwa wake, bali katika neno au alama ambayo mwandishi huiacha kwa kuamini kwamba msomaji ataijaza mwenyewe.

2.0 Alama Saba na Mpaka Wake

Kwanza yafaa kuondoa dhana moja. Kanuni zinazofundishwa shuleni, hasa ile ya kutoa, ambapo IV ni nne na IX ni tisa, hazikuwa sheria kwa Warumi wenyewe. Jiwe la barabara lililopatikana Polla, kusini mwa Italia, lina habari za afisa mmoja aliyejisifu kuwarudisha watumwa 917 waliotoroka. Idadi hiyo imechongwa DCCCCXVII, ambapo mia tisa ni D na C nne zikifuatana. Kwenye uwanja mkubwa wa michezo wa Roma, Colosseum, lango la 44 limeandikwa XLIIII: arobaini kwa njia ya kutoa, nne kwa njia ya kujumlisha, ndani ya namba moja. Mfumo uliorithiwa leo ni zao la usanifishaji wa baadaye.

Kwa kufuata kanuni za leo na alama saba pekee, namba kubwa inayoandikika bila M kuzidi tatu ni 3,999, yaani MMMCMXCIX. Hapo ndipo mpaka ulipo. Warumi, hata hivyo, hawakuanzia na M. Watafiti wengi wanakubaliana kwamba alama za Kirumi zina asili moja na zile za Waetruski, jirani zao, na kwamba baadhi yake zilifanana na herufi baadaye tu. Alama ya kale ya elfu ilikuwa mchoro wa duara lililopasuliwa katikati kwa mstari, ambao wachapaji wa Ulaya wa karne ya 16 na 17 waliuandika CIↃ. Nusu ya mchoro huo, yaani IↃ, ni mia tano, na ndiyo iliyogeuka kuwa D. Kwa maneno mengine, D si herufi ya kwanza ya neno lolote la mia tano. Ni elfu iliyokatwa katikati.

Mchoro huo ulikuwa na uwezo wa kukua. Kila ulipoongezwa upinde mmoja kila upande, thamani ilizidishwa kwa kumi. Hivyo CCIↃↃ ni elfu kumi, na CCCIↃↃↃ ni elfu mia, yaani laki moja. Nusu zake zilipatikana kwa njia ile ile: IↃↃ ni elfu tano, na IↃↃↃ ni elfu hamsini. Kimsingi upinde ungeweza kuongezwa bila kikomo, lakini kwa vitendo Warumi waliishia kwenye laki. Ushahidi mashuhuri ni maandishi ya nguzo ya Gaius Duilius, kamanda aliyewashinda Wakarthago baharini karibu na Mylae mwaka 260 kabla ya Kristo. Maandishi yanayoonekana leo mjini Roma ni nakala ya zama za makaisari. Mchongaji alipotaka kutaja thamani ya ngawira alirudia alama ya laki zaidi ya mara ishirini, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu magunia kwa kuchora mistari ukutani. Palipohitajika alama mpya, palitiwa uvumilivu wa patasi.

3.0 Mstari wa Juu na Fremu ya Pande Tatu

Njia hiyo haikuweza kuitumikia dola inayokua. Njia ya pili ikapatikana: kuchora mstari juu ya namba ili kuizidisha kwa elfu. V yenye mstari juu ni elfu tano. X yenye mstari juu ni elfu kumi. Kwa kiasi kikubwa zaidi, namba ilizungushiwa fremu ya pande tatu, mstari mmoja juu na mmoja kila upande, na thamani yake ikazidishwa kwa laki. X ndani ya fremu hiyo ni laki kumi, yaani milioni moja.

Mfano wa nyumbani utasaidia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Karani wa Kirumi angeigawa idadi hiyo katika mafungu matatu. Angeandika DCXVII ndani ya fremu ya pande tatu, yaani laki 617. Kisha XLI chini ya mstari wa juu, yaani elfu 41. Na mwisho CXX bila mstari, yaani 120. Namba nzima ingechukua alama kumi na mbili tu, mistari ikiwekwa kando. Kwa hiyo si kweli kwamba namba za Kirumi haziwezi kubeba idadi kubwa. Zinaweza. Udhaifu wake uko kwingine: thamani yote ya fungu la kwanza inategemea mistari mitatu myembamba. Mstari ukifutika kwenye nta, au mchongaji akiusahau, laki 617 hubaki kuwa mia sita na kumi na saba, na hakuna chochote ndani ya namba yenyewe kinachomwonya msomaji.

4.0 Hesabu Ilivyotamkwa

Kwa nini mafungu hayo yalikuwa ya elfu na ya laki, na si ya milioni? Jibu liko katika lugha. Plinius Mkubwa, aliyefariki mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba watu wa kale hawakuwa na namba iliyozidi elfu mia, na kwamba ndiyo maana hata katika zama zake hesabu kubwa zilitajwa kwa kuizidisha elfu mia hiyo: mara kumi, mara ishirini, na kuendelea. Kilatini hakikuwa na neno la milioni. Neno hilo lilizaliwa Italia katika Enzi za Kati, kwa kulichukua neno la elfu, *mille*, na kuliongezea kiambishi cha ukubwa. Milioni, kwa asili yake, ni elfu iliyokuzwa, kama vile Mswahili anavyokuza mtu akapata jitu. Neno hilo lilipofika Afrika Mashariki lilikuwa limebeba elfu ya Warumi tumboni mwake.

Namna Kilatini kilivyotamka hesabu kubwa yaonekana katika maandishi ambayo Kaisari Augustus aliyaacha kuhusu matendo yake, ambayo nakala yake iliyohifadhika vizuri kuliko zote iko Ankara, Uturuki. Humo anasema kwamba sensa ya mwaka 28 kabla ya Kristo ilipata raia 4,063,000. Idadi hiyo imeandikwa kwa maneno, na tafsiri yake ya neno kwa neno ni hii: mara arobaini elfu mia, na elfu sitini na tatu.

Mzungumzaji wa lugha nyingi za Ulaya hulazimika kusimama na kupiga hesabu ili aielewe kauli hiyo. Mswahili hahitaji. Ataisoma moja kwa moja: laki arobaini na elfu sitini na tatu. Neno laki, lililotoka Bara Hindi na kuvuka bahari pamoja na biashara, limesimama mahali pale pale palipokuwa na elfu mia ya Warumi. Ngazi za hesabu za Warumi, yaani moja, elfu na laki, zinapatikana zote katika Kiswahili.

5.0 Urithi wa Galba

Gharama ya mfumo huu imehifadhiwa katika kisa kimoja kifupi. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, anasimulia kwamba Livia, mjane wa Augustus, alimpenda sana kijana Galba, ambaye baadaye alitawala kwa miezi michache kati ya mwaka 68 na 69. Livia alipofariki mwaka 29 alikuwa amemwachia katika wasia sesterti milioni hamsini, fungu kubwa kuliko la mwingine yeyote aliyetajwa humo. Lakini kiasi hicho kilikuwa kimeandikwa kwa alama, si kwa maneno. Tiberius, mwanawe Livia na mrithi wake, akasisitiza kwamba kilichokusudiwa ni laki tano tu. Mwishowe Galba hakupata hata hizo.

Suetonius haonyeshi alama yenyewe, lakini kanuni zilizoelezwa hapo juu zinatosha kuonyesha jinsi mzozo kama huo ulivyowezekana. D ndani ya fremu ya pande tatu ni laki mia tano, yaani milioni hamsini. D yenye mstari wa juu pekee ni elfu mia tano, yaani laki tano. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni vijistari viwili vya pembeni. Katika matamshi ya Kiswahili tofauti hiyo ni neno moja: laki mia tano dhidi ya laki tano. Mia ikianguka njiani, sehemu tisini na tisa katika kila mia za urithi zimekwenda.

Yafaa kutambua kwamba mwanya ulikuwamo hata katika usemi. Warumi walipotaja fedha nyingi walizoea kuliacha neno la elfu mia kabisa na kusema “mara mia tano” tu, kwa kuwa kila mtu alijua kinachozidishwa. Kila mtu alijua, ila pale aliyepaswa kulipa alipopata faida kwa kutojua.

Funzo hilo halikusahauliwa Italia. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, ajulikanaye kama Fibonacci, aliandika kitabu cha hesabu kilichoeneza tarakimu za Kihindi na Kiarabu, alizojifunza Afrika Kaskazini. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1299, chama cha wabadilishaji fedha wa Florence kilikataza tarakimu hizo katika daftari za mahesabu na kuagiza kwamba kiasi kiandikwe kwa herufi. Alama, ziwe za zamani au mpya, ziliaminiwa kwa kukokotoa. Kwa kuthibitisha haki, liliaminiwa neno.

6.0 Namba Kubwa katika Kiswahili

Je, neno la Kiswahili linastahili imani hiyo?

Kiswahili kimepanga maneno yake ya hesabu kwa tabaka. Chini kabisa kuna maneno ya Kibantu kama moja, mbili, tatu na kumi. Juu yake kuna ya Kiarabu: sita, saba, ishirini, mia na elfu. Kamusi za zamani zinahifadhi pia kikwi, neno la elfu lililotumika kabla elfu haijashika nafasi, pamoja na miteni kwa mia mbili na elfeni kwa elfu mbili. Kisha ikaja laki kutoka Bara Hindi, na milioni na bilioni kutoka Ulaya. Hata maneno haya ya mwisho hayakuja yakiwa yametulia: katika Uingereza bilioni ilimaanisha kwa kawaida milioni mara milioni, hadi mwaka 1974 serikali ilipotangaza kwamba katika takwimu zake ingemaanisha milioni elfu moja, maana ambayo ndiyo inayotumika katika Kiswahili.

Desturi ya kuiamini tarehe au idadi iliyoandikwa kwa maneno ni ya kale pia katika pwani hii. Maandishi ya Kikufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yanataja mwaka 500 wa Hijra, unaolingana na 1107, na mwaka huo umetajwa kwa maneno. Wanavyuoni walijua vilevile hesabu ya abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Herufi ya mwisho katika hesabu hiyo, ghaini, ni elfu. Kama ilivyokuwa kwa M ya Warumi, herufi ziliishia hapo.

Tatizo la Kiswahili halitokani na uhaba wa maneno. Linatokana na mpangilio. Katika Kiswahili neno la daraja hutangulia na kizidishi hufuata: mia mbili, elfu tano, laki tatu. Kiunganishi “na” hujumlisha: mia mbili na tano ni 205, elfu mbili na tano ni 2,005. Kwa kanuni hiyo, elfu ishirini na tano ingepaswa kuwa 20,005. Lakini sokoni, benki na darasani wengi huielewa kuwa 25,000. Maana zote mbili zimo katika maneno hayo hayo. Ya kwanza hujumlisha tano na elfu ishirini. Ya pili hujumlisha tano na ishirini, kisha jumla hiyo ikahesabiwa kwa elfu. Masikio hayana mabano.

Utata huo hukua pamoja na namba. Elfu mia mbili na hamsini yaweza kuwa 250,000 au 200,050. Milioni mia mbili na hamsini yaweza kuwa 250,000,000 au 200,000,050. Laki, ambayo ingetarajiwa kuokoa, nayo imeingia mtegoni. Mtu akisema bei ya kiti ni laki moja na ishirini, wengi watatoa shilingi 120,000, si 100,020. Msemaji ameliacha neno elfu kwa kuwa anajua kwamba msikilizaji analijua. Hicho ndicho walichofanya Warumi walipoiacha elfu mia.

7.0 Uzito wa Jambo Hili

Yaweza kusemwa kwamba muktadha hutatua yote, kwani hakuna auzaye kiti kwa shilingi 100,020. Katika maduka ni kweli. Lakini nyaraka huandikwa kwa ajili ya siku ambayo muktadha haupo: aliyeandika amefariki, waliosikia wametawanyika, na anayelipa hataki kulipa.

Sheria ya Uingereza ya hati za fedha ya mwaka 1882, ambayo ni kielelezo cha sheria za Kenya na Tanzania katika eneo hilo, inaagiza kwamba kiasi cha maneno na kile cha tarakimu vikihitilafiana, kinacholipwa ni cha maneno. Ni msimamo ule ule wa wabadilishaji fedha wa Florence, na Galba angeushukuru. Msingi wake ni dhana kwamba maneno yana maana moja. Mwandishi wa hundi ya Kiswahili humalizia kiasi kwa neno “tu” ili pasiongezwe kitu mwishoni; lakini “tu” huziba mlango wa nyuma, huku utata wa elfu ishirini na tano ukiwa umekaa sebuleni. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania, jambo hili limeacha kuwa fumbo la wanaisimu. Hukumu, wasia na mikataba vinahitaji namba isiyobishaniwa.

Njia mbili zinajulikana. Ya kwanza ni kutanguliza kizidishi: ishirini na tano elfu. Njia hii hufaa namba inapokuwa na daraja moja tu, lakini huyumba daraja zinapoungana. Milioni mia mbili na ishirini na tano elfu yaweza kusomwa 200,025,000, na yaweza kusomwa 220,005,000. Utata umehamishwa, haujaondolewa.

Njia ya pili ni kurudia neno la daraja kila fungu linapoongezwa: elfu ishirini na elfu tano. Hapo hakuna usomaji wa pili. Kwa njia hiyo 200,025,000 ni milioni mia mbili na elfu ishirini na elfu tano, ilhali 220,005,000 ni milioni mia mbili na milioni ishirini na elfu tano. Kiti cha shilingi 120,000 ni cha laki moja na elfu ishirini. Urefu huongezeka, na katika mazungumzo ya kila siku hakuna haja ya kumlazimisha mtu. Katika hati, urefu huo ni bei ndogo. Augustus mwenyewe aliilipa: katika idadi ya raia wake neno la elfu limetajwa katika fungu la laki, kisha likarudiwa mbele ya jicho la msomaji katika fungu la elfu sitini na tatu, ingawa jiwe ni ghali kuchonga kuliko karatasi kuandikwa.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba Warumi hawakukosa njia ya kuandika namba kubwa. Walikuwa na pinde zilizorudiwa, mstari wa juu, na fremu ya pande tatu. Walichokosa ni alama inayojilinda yenyewe, na kwa hiyo walipotaka uhakika walirudi kwenye maneno. Mwandishi wa Kiswahili amepata mkasa uliogeuzwa: tarakimu zake ziko salama, na maneno yake ndiyo yanayohitaji ulinzi.

Kazi inayofuata ni ya walimu wa hesabu na wa lugha wakiwa pamoja, ya watunga kamusi, ya wakalimani na ya waandishi wa sheria. Watoto wanaofundishwa kuandika XLIV wafundishwe pia kuandika 45,000 kwa maneno yasiyo na maana mbili. Kabla ya kutia saini, mwandishi wa wasia au wa hukumu aisome hesabu yake kwa jicho la Tiberius, yaani la mtu atakayefaidika kwa kuielewa vibaya. Palipo na “na” inayoweza kwenda pande mbili, neno la daraja lirudiwe.